Koti la Shemeji

Jumanne, 9 Julai 1996
Nimefua nguo za watu mtaa wa Ayany kutwa. Baridi imekaza, vidole havikunjiki. Kurudi kwangu Kianda nakuta ujumbe: mama mkwe amefika kutoka nyumbani, yuko Kawangware kwa shemeji yangu, Owino. Najua kilichomleta. Mwaka umeisha tangu tumzike mume wangu, Otieno, na mjane harudi bomani kabla hajarithiwa. Yaani Owino aje alale kwangu. Ana mke, Akoth, na kanisani tunakaa benchi moja. Naona kinyaa. Naogopa pia. Otieno walisema ni kifua, lakini mtaani watu wananong'ona ni ukimwi.

Jumatano, 10 Julai
Nimepita parokiani. Padri hakuficha: nikirithiwa, komunyo basi. Akasema Kanisa halichukii mila zetu, hata ngoma tunapiga misani, ila kulala na mume wa mwenzio ni dhambi kwa kila kabila. Sawa. Yeye hana boma la kufukuzwa. Nikikataa, wanangu hawana pa kujenga. Nimemkasirikia. Nimemkasirikia Otieno pia, kujifia akaniachia haya.

Ijumaa, 12 Julai
Sikula. Wanakuja kesho.

Jumamosi, 13 Julai
Wamekuja watatu. Watoto nilikuwa nimewapeleka kwa jirani. Owino hakuinua macho. Akoth, yake mekundu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kukataa.

Mama mkwe akakaa kitandani, akatazama chumba, akamwambia Owino, "Vua koti."

Nikashika meza.

"Tundika hapo kwa msumari," akasema. "Haya. Mwanaume ameingia hii nyumba. Wazee wakiniuliza, nitawaambia Nyar Gem amerithiwa." Nyar Gem ndiye mimi, binti wa kutoka Gem.

Sikuelewa mara moja. Nadhani hata Owino hakuelewa.

"Nimezika vijana wangu wawili, Otieno na mkubwa wake," akasema. "Huyu simziki juu ya mila." Akanigeukia. "Na wewe pia bado nakutaka."

Akoth ndiye aliyeanza kulia, nami nikafuata. Owino alicheka kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Mwaka mzima nimemwogopa huyu mama bure! Tulikunywa chai yote, hata sukari ya kesho. Koti likabaki ukutani, mwenyewe akaenda Kawangware akitetemeka.

Jumapili, 14 Julai
Kabla ya misa nikamweleza padri kila kitu. Nilijua atasema koti nalo ni upagani, nikawa tayari kugombana naye hapo hapo. Akauliza tu kama Owino alilala. Hapana.

"Koti haliungami, mama. Njoo upokee."

Nimepokea. Akoth alikuwa nyuma yangu kwenye mstari, akanishika bega.

Nimepika dagaa wa omena, nikala hadi nikafuta sahani. Watoto wamelala mkekani. Kitanda ni changu. Leo nalala katikati.