Zoezi la Tano, Ukurasa wa 61

Jumatatu, 6 Novemba

...na bado sijamaliza kumsifu! Jana niliishia kwenye mikono yake. Leo ni kitabu chake. Mume wangu kaandika kitabu kizima cha takwimu kwa wanafunzi wa chuo, kakiweka mtandaoni bure — bure kabisa! Anayetaka apakue, aprinti, hata abadilishe atakavyo, haombi ruhusa kwa mtu. Mwalimu gani mwingine ana roho hiyo? Nimekitoa mashineni tangu asubuhi, hapa dukani kwetu, fotokopi ya nje ya chuo. Kila karatasi inatoka na joto lake, naona kama ananishika shavu. Nimekuwa chizi. Basi!

Jumanne, 7 Novemba

Nimekufa!

Wasichana wawili wa chuo walikuwa wanasubiri kurasa zao, wananitazama, wanachekana. Mmoja akauliza, eti dada, ndiye wewe wa zoezi la tano? Nikafungua ukurasa wa 61.

"Februari, kijana alikwenda duka la fotokopi siku 23 kati ya 28, kila mara na karatasi moja tu. Msichana wa mashine, mwenye gauni la njano, alizungumza naye siku 9. Tafuta uwezekano kwamba atazungumza naye kesho."

Mungu wangu! Ni sisi! Gauni na kila kitu!

Jioni nilimvaa mume wangu. Akasema, mke wangu, mfano wa kweli ndio unaoeleweka. Halafu akauliza, kwa upole wake ule, kama zilikuwa siku tisa au kumi. Nilitaka kununa, nikacheka mpaka chai ikamwagika.

Lakini Februari... Siku ya posa, Agosti, Baba alisimama mbele ya wazee akasema binti yake na kijana huyu hawajawahi kusemezana. Alisema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Nikamtazama machoni, nikamwambia.

Alhamisi, 9 Novemba

Mume wangu kalifuta zoezi, kaweka la mayai. Nikashusha pumzi. Kumbe wapi! Waliokwisha kupakua wanacho, na hakuna wa kuwanyang'anya. Akaniambia polepole, kama anayemwamsha mgonjwa, kwamba chuo cha ualimu cha kule kwetu kilikichukua tangu wiki iliyopita. Chuo anachofundisha Baba! Sijala.

Jumapili, 12 Novemba

Leo tumeliona toleo la chuo kile. Ukurasa wa 61. Zoezi letu lipo, na limeongezwa kipengele:

"(b) Baba wa msichana aliwahakikishia wazee kwamba wawili hawa hawajawahi kusemezana. Tafuta uwezekano kwamba binti alimwambia baba yake ukweli."

Chini, kwenye majina ya waliorekebisha kitabu: jina la Baba. Moja tu.

Mume wangu aliondoka kwenye kiti akakaa sakafuni.

Simu ikalia. Baba! Hakuuliza hali. Akauliza, mwanangu, umelifanya zoezi? Nikasema naam, Baba. Jibu? Nikasema... sifuri. Akasema wanafunzi wake arobaini wamepata hilohilo, na mkwe akija aje na kalamu, alifanye zoezi mbele yake.

Alikuwa anacheka? Alikuwa analia? Sauti yake siijui leo. Nimemwahidi kwamba kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwake, sisi wawili —