Dereva Juu ya Magunia

Mwanga, Kigoma
2 Novemba 1997

Mama Mkwe Melania,

Shikamoo. Habari za Ilagala, na miguu yako inaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka. Mke wangu Winfrida namsalimu sana.

Mama, uliposema unamchukua binti yako akae kwako mpaka mumewe apate usukani wa kudumu, sikubisha. Lakini kazi ni ngumu. Watu wanadhani kwa kuwa wakimbizi ni wengi na chakula chao kinashushwa stesheni kila treni ikiingia, basi dereva hakosi lori. Malori yapo, tele! Ila matajiri wanayaleta kutoka Mwanza na Tabora pamoja na madereva wao. Sisi wenyeji tunakaa kijiweni tukisubiri dereva wa mtu augue malaria, ndipo tupate deiwaka, kumshikia usukani kwa safari moja. Yaani tumefika mahali pa kuwaombea watu homa.

Nivumilie.

Mkweo,
Oswald

Ilagala
23 Novemba 1997

Mkwe wangu Oswald,

Marahaba. Miguu ni ileile, ya uzee. Winfrida hajambo, anakula, ananuna.

Barua nimeisoma mwenyewe, kisomo cha ngumbaru hakikunipita. Sikukunyang'anya mke. Lakini mwenye nyumba aliwatolea vyombo nje mvua ikinyesha, nawe uko kijiweni unangoja watu waugue! Mimi ndiye niliyemzaa huyu. Pata kazi ya kueleweka, uje umchukue siku hiyohiyo. Bila hiyo, hapana. Na usimtumie ujumbe kwa wavuvi, wananiletea mimi kwanza.

Mama mkweo,
Melania

Mwanga, Kigoma
18 Januari 1998

Mama Mkwe,

Shikamoo. Poleni na mvua. Za huku hazina adabu.

Nimepata! Dereva wa tajiri mmoja wa Shinyanga ameacha kazi kwa kuogopa majambazi wa njiani. Nimepewa lori lake kwa majaribio, napeleka mahindi kambini Nyarugusu. Nikifika mwisho wa Februari bila doa, kazi ni yangu. Tope la huko, Mama, usiombe. Mimi na utingo wangu Feliksi tunalala njiani, tunafukua magurudumu kwa mikono. Nachoka mpaka nasahau kula. Lakini mwambie Winfrida aanze kufunga mizigo.

Mkweo,
Oswald

Makere
20 Februari 1998

Mkwe wangu Oswald,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Dada yangu Leonia mgonjwa nimemkuta hai na amenitambua. Bila wewe nisingemwahi. Mabasi yamesimama kwa tope, nami nilikuwa pale Mwandiga tangu asubuhi, nimelowa chapachapa, nimeshakata tamaa. Mara lori likasimama. Kumbe wewe!

Ulivyoshuka ukainama, ukapiga makofi na kuniamkia kwa Kiha, "Mwakeye", palepale barabarani watu wakitazama, nilifurahi, sikufichi. Halafu ukanipandisha mbele, ukampa Feliksi usukani, wewe ukapanda juu ya magunia. Nilielewa. Kwetu mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe wake. Vijana wa siku hizi wangesema lori ni lori tu. Wewe ulinyeshewa mpaka Makere.

Nikirudi Ilagala, Winfrida anakuja kwako. Kazi ni kama umeshaipata, na adabu unayo.

Mama mkweo,
Melania

Mwanga, Kigoma
15 Machi 1998

Mama Mkwe,

Shikamoo. Pole kwa kuuguza.

Usimlete Winfrida. Tajiri ameniachisha kazi. Kosa ni langu, tuyaache. Nimerudi kijiweni, na wale niliowaaga kwa majivuno sasa wananiita Bosi. Nimechoka, Mama. Jumanne napanda treni kwenda Tabora, na nikikosa huko nitasonga mbele, popote penye lori. Uliniambia bila kazi hapana, na neno lako nimelishika. Mwambie asinisubiri. Akipata mwingine, sitamlaumu.

Mkweo,
Oswald

Ilagala
Alhamisi, 19 Machi 1998

Oswald,

Leo sina salamu, nina hasira. Feliksi yuko huku kwao, naye kafukuzwa, na kanieleza yote. Kumbe tajiri alikuwa amekukataza kabisa, usukani usiguswe na mtu mwingine! Kumbe siku ileile mlipotoka kunishusha, kwa kuwa kambi ni karibu, mliendelea vivyo hivyo bila kubadilishana, mkamkuta getini kambini, akaona utingo asiye na leseni anaendesha na dereva wake yuko juu ya magunia. Mtu wa mbali yule, atajua nini habari za ukwe wetu? Akadhani umelewa, umepanda kulala. Nawe ukanyamaza, eti aibu kumtaja mama mkwe mbele ya wanaume.

Mjinga wewe! Si ungenipandisha mimi juu? Magunia nimeyabeba tangu usichana wangu. Na mtu aliyepoteza kazi kwa kunistahi, nikimnyima mke, nitamtazama Mungu kwa uso gani?

Barua yako imefika jana, na Jumanne imeshapita. Lakini Bonifasi wa boti anasema maji yamekata reli, treni bado imelala stesheni. Mvua hii imeniozea mihogo yote, na leo naiombea iendelee.

Winfrida yuko mlangoni na mzigo wake, hataki hata chai. Barua hii anaibeba mwenyewe, maana anwani ya Tabora sina. Kama unaisoma, amekukuta. Mwende wote, kazi mtaitafuta mkiwa pamoja. Kama huisomi, basi mwanangu amesimama stesheni peke yake kwenye mvua, na mimi ndiye niliyemchelewesha.

Mama yako,
Melania