Kitabu cha Zaituni na Mkasi wa Baba Mdogo

Jumatatu, 8 Juni 1998. Gitega

Leo watoto wa darasa langu wamesoma! Kuanzia Amisa hadi Twaha, ukurasa mzima, bila kukwama. Nilisimama mlangoni nikajifanya natazama barabara, kumbe nazuia machozi. Hata baba mdogo Hamadi aliacha cherehani yake akaja kusikiliza. Chumba ni chake. Ilikuwa stoo ya vitambaa, ila tangu embargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka kwa ajili ya vita, vitambaa hakuna, ndiyo maana tumo sisi. Shule ya mlimani wanalala askari. Asubuhi watoto wako madrasa kwa Maalim Houssein. Mchana ni wangu.

Kitabu ni kimoja tu. Sandrine, yule mama wa Uvira anayeuza karanga sokoni, alikiokota Muyinga kwenye rundo la karatasi za kufungia, zilizotoka Tanzania na wakimbizi waliorudi. Ni maisha ya Zaituni Mfaume, mkimbiaji wa Tabora. Kwenye jalada amevaa kaptula. Wazazi walipiga kelele wiki nzima! Nikashona kipande cha kitenge juu ya jalada, nikawaambia: haya, sasa amevaa. Kelele zikaisha.

Jumanne, 9 Juni

Baba mdogo hajui kukaa na jambo moyoni. Jana watoto wamesoma, leo mtaa mzima wa Waswahili unajua. Na si Gitega tu — amemtumia habari Radjabu wa Muyinga kwa dereva wa lori. Radjabu ni mfanyabiashara, naye ana darasa lake la kusoma nyuma ya duka, na kila akija huku anatuambia watoto wa Muyinga ndio wanaojua. Wamekubaliana: Jumamosi kabla ya Maulidi, watoto wetu na wao washindane kusoma mbele ya watu, Muyinga. Kila darasa na kitabu chake.

“Mukishinda, chumba ni yenu,” baba mdogo ameniambia. “Mukinitia haya, mi naweka marobota yangu. Embargo haitakaa milele.”

Nilicheka. Nikamwambia aanze kutafuta mahali pengine pa kuweka marobota.

Alhamisi, 11 Juni

Sicheki tena.

Niliuliza swali dogo. Kwa nini Zaituni alivua viatu kabla ya mbio? Nikauliza tena. Twaha akasimama, akaanza: “Zaituni alivua viatu akaviweka kando ya uwanja…” — na akaenda hivyo hivyo mpaka mwisho wa ukurasa, anajiyumbisha mbele na nyuma kama yuko madrasa. Nikamwambia, mwanangu, nimeuliza kwa nini. Akaanza upya!

Nikafungua katikati ya kitabu, mahali ambapo hatujafika. Nikampa Bora, mtoto wa Sandrine. Hakuna. Nikampa Amisa, hodari wao wote, binti wa dada yake mke wa baba mdogo, anayelelewa hapa nyumbani. Akatazama karatasi, akanitazama mimi, akaniomba nimsomee kwanza mara moja tu.

Hawasomi. Hakuna hata mmoja. Wamehifadhi! Mimi nasoma kwa sauti, wao wanarudia, wanaweka moyoni, kidole kinatembea juu ya karatasi kwa heshima tu. Ndivyo walivyofundishwa kwa Maalim, na pale ni sawa, maneno yale huhifadhiwa na aliyehifadhi hupewa heshima yake. Lakini Zaituni ni mtu wa Tabora aliyekimbia na kuanguka na kuuza vitumbua. Yeye hahifadhiwi!

Na si wajinga. Hilo ndilo linaloniumiza. Wana vichwa vya ajabu!

Ijumaa, 12 Juni

Nimemweleza Sandrine. Alicheka mpaka karanga zikamwagika.

“Bora yangu, juzi alishika karatasi ya sabuni, iko anasema mambo ya Zaituni! Mi nikafikiri sabuni ya siku hizi iko na histoire, hadithi ndani.” Halafu akapunguza sauti. “Mais… lakini, Mwajuma, we nyamaza. Watasema ile page yao, watu watapiga makofi, chumba inabaki. Nani atajua?”

Mimi nitajua.

Mwezi wa nne walibandika tangazo kwenye ukuta wa soko: njia ya Makebuko imefungwa, mtu asipite. Mume wa jirani yetu alisimama mbele ya karatasi ile, nilimwona kwa macho yangu, akaitazama, akafunga mzigo wake kwenye baiskeli akaenda Makebuko. Hakurudi. Alikuwa anajua kukariri kuliko sisi wote mtaani.

Sinyamazi. Wala chumba sikiachi. Vyote viwili!

Jumapili, 14 Juni

Nimefanya.

Baba mdogo alikwenda kuzika Gishubi. Nikachukua mkasi wake mkubwa wa kukatia suti, nikakaa sakafuni, nikakata kitabu. Sentensi moja moja. Vipande kama utepe. Kwetu kitabu kikidondoka unakiokota unakipangusa, hukiweki chini, na mimi nimekaa nakikata kama kabichi! Nikavitia vyote kwenye beseni la kufulia nikavikoroga.

Sasa hifadhini hiyo!

Jumatatu, 15 Juni

Siku gani hii. Twaha alipoona beseni alilia. Amisa aliniuliza kama nimerukwa na akili — kwa adabu, lakini aliuliza. Kufikia magharibi mtaa mzima ulikuwa mlangoni. Mwajuma amekata kitabu! Mama mmoja akasema vita imeniingia kichwani.

Kisha akaja Maalim Houssein mwenyewe. Aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hajaona mwalimu anaharibu kitabu. Nikamjibu kwamba namheshimu, yeye ndiye aliyenifundisha alifu kwa kijiti, lakini watoto wake na wangu ni wale wale, na nje ya madrasa wanatembea kama vipofu. Nikachovya mkono kwenye beseni nikampa mwanawe kipande. Mtoto akakigeuza. Akakigeuza tena. Hakusoma hata neno. Maalim alikataa chai, akaondoka. Ila mtoto hakumchukua, alimwacha.

Baba mdogo? Ameuliza tu nani alitumia mkasi wa kitambaa kukatia karatasi. Makali yameisha! Ya kitabu amesikia, ila hajajua bado kwamba ule ukurasa hautasemwa tena. Au anajua, anasubiri.

Jumatano, 24 Juni

Polepole. Polepole mno! Herufi, silabi, silabi. Mtoto aliyekuwa anatiririka ukurasa mzima sasa anatoka jasho kwa maneno manne. Wananichukia kidogo, naona.

Lakini leo! Niliwapa vipande vitano wavipange. Twaha na Bora wakagombana. Bora ameweka “Aliinuka, magoti yanatoka damu” mbele. Twaha akakipokonya, akapiga kelele: “Hawezi kuinuka na hajaanguka! Wapi ameanguka? Tafuta ameanguka!” Wakaingia ndani ya beseni wote wawili, vichwa vinagongana, wanasoma kipande, wanatupa, wanasoma, wanatupa — wanasoma! Mpaka wakampata Zaituni anaanguka mzunguko wa tatu.

Hapo hapo milio ikaanza upande wa Makebuko. Tulilala sakafuni kama kawaida. Amisa alilala na vipande viwili mkononi, akaninong’oneza: “Shangazi, alivua viatu kwa sababu vilikuwa vya kuazima. Aliogopa kuviharibu.”

Sentensi hiyo haiko kitabuni. Habari yake imo katika vipande viwili mbalimbali, yeye ameviunganisha. Nilicheka nimelala chini, risasi zinalia. Nimefurahi leo, na sioni aibu kuandika.

Jumatatu, 29 Juni

Baba mdogo amejua. Aliingia mchana kutaka kusikia ule ukurasa, awe na la kujisifia njiani. Watoto wakachovya beseni, wakamsomea: “Ma-ma… ya-ke… a-li…” Uso wake ulibadilika.

Alingoja watoto watoke.

“Mwajuma. Hawa ni bubu ama ni watoto wangu wa juzi?”

“Wa juzi walikuwa wanaimba, baba mdogo. Hawa wanasoma.”

“Rudisha ule ukurasa. Ubandike na gundi.”

“Sirudishi.”

“Radjabu atanicheka mpaka nazikwa! Hii chumba mi nilikupa kwa roho safi. Jumamosi watoto wanasema page ya kwanza, wote, vile walisema. Ama Jumatatu mi naleta kufuli.”

Nikamwambia chumba ni chake, kufuli ni lake, na watoto watasoma kile watakachokitoa kwenye beseni. Sijawahi kumjibu hivyo tangu anilee. Alitoka bila kufunga mlango. Nikakaa juu ya beseni lililofunikwa.

Ijumaa, 3 Julai. Muyinga

Tumefika, watoto, baba mdogo, Sandrine na mimi. Lori la chumvi hadi Karuzi, kisha lingine, vumbi mpaka kwenye meno. Kwenye bariyeri moja, kizuizi cha barabarani, askari alitaka kujua beseni lina nini. Akafunua, akakuta karatasi. Nani anasafirisha uchafu? Bora akamwambia ni mtu, anaitwa Zaituni. Askari alichukua kipande, akakisoma midomo ikitembea, akachukua kingine. Akauliza kama huyo dada alishinda. Nikamwambia tupishe, ukipita Gitega tutakuonyesha. Akatupisha!

Tumelala — tutalala — kwa Radjabu. Amejaa ukarimu, na majivuno. Ametuonyesha ukumbi nyuma ya duka, mikeka, vibendera vya rangi. Wamekuja watu hata wa Butihinda.

Amisa alinifuata nilipokuwa naosha watoto miguu. Baba mdogo, ndani ya lori, amemwambia ataitwa wa kwanza, aseme ukurasa wa kwanza, asiguse beseni. Anaujua bado, herufi kwa herufi. Akauliza: nifanye nini, shangazi?

Nilitaka kumwambia. Ulimi ulikuwa tayari! Nikamwambia mimi sitakuchagulia, wala yeye asikuchagulie. Akaenda kulala akiwa amekunja uso. Sasa najuta, kisha sijuti, kisha najuta.

Jumamosi, 4 Julai. Muyinga, ukumbini

Naandika hapa hapa, daftari gotini. Nikiacha mkono bila kazi nitafungua mdomo nimsaidie mtoto, na sitaki kumsaidia.

Watoto wa Radjabu wamemaliza. Wazuri! Kitabu cha mpira, sauti moja, kama maji. Nilimwangalia yule wa mbele: alifunua ukurasa wa pili akiwa ameshausema wote. Hakuna mwingine aliyeona. Watu wamepiga makofi, wengine walikuwa wanaongea mambo yao tangu mwanzo mpaka mwisho.

Amisa ameitwa. Amesimama. Baba mdogo yuko mstari wa kwanza, kanzu mpya, anamtikisia kichwa: anza.

Amekwenda kwenye beseni. Amemwambia Radjabu atoe yeye, chochote. Radjabu amecheka, ametoa, amempa.

“Ko-cha… a-ka-m…”

Wanacheka. Nyuma kule wanacheka wazi. Mama mmoja anauliza kama mtoto ni mgonjwa. Sandrine amegeuka amemwambia anyamaze, kwa Kiswahili cha Uvira, na amenyamaza.

“…a-ka-mwa-mbi-a. Kocha akamwambia.”

Radjabu, kwa upole kweli, anamwambia mwanangu, sema ile unayoijua. Baba mdogo naye amesimama, anaita kwa sauti: “Amisa! Page ya kwanza!”

Amisa ameinua kichwa. “Ile naijua, baba. Hii sijaijua bado.”

Amerudi kwenye kipande. Mimi natoka jasho kuliko yeye. “Kocha akamwambia a-to-ke… atoke… u-wa-nja-ni.” Ameshika neno kwa kidole, ameliacha. “Kocha akamwambia atoke uwanjani, la-ki-ni…”

Amekwama. Neno linalofuata ni refu, naliona urefu wake kwenye uso wake. Hakuna anayecheka. Sijui waliacha saa ngapi.

Baba mdogo anakwenda mbele. Amefika. Amenyoosha mkono, anataka kile kipande. Amisa amekishika kwa mikono miwili, hamtazami.

Yule mama wa nyuma, yule aliyeuliza kama ni mgonjwa, amesimama juu ya mkeka. Anauliza: “Lakini nini? Ametoka ama hakutoka?”

Wengine nao wanauliza. Lakini nini, mwanangu? Mwacheni, mzee, amalize! Mkono wa baba mdogo bado uko hewani, ametugeukia sisi watu. Kisha amemgeukia mtoto, na ameinama, anatazama naye kile kipande.

Amisa amesogeza kidole.