Mgomba wa Wafula

Gatina, Kawangware
Machi 2008

Mama yangu,

Mulembe. Natumai mguu wako umepungua kuvimba na kwamba mvua imeanza kuonekana upande huo. Mimi ni mzima wa mwili. Cherehani yangu ilisalimika, na kibanda nimekifungua tena tangu wakubwa wa siasa waliposhikana mikono baada ya vurugu za uchaguzi, ingawa wateja ni wachache na majirani husalimiana wakitazama chini.

Keti kwanza, Mama. Isome barua hii taratibu.

Uliponipigia simu Jumapili ukasema, "Nekesa, mgomba umechipua! Ndugu yako yuko hai, mwambie aje tupande mahindi," nilikujibu, "Tungoje, Mama." Nilikudanganya. Wafula amekufa. Nimemwona kwa macho yangu, na nimemzika.

Chumba chake kule Kibera kilipochomwa mwezi wa kwanza, nilimtafuta hadi miguu ikakataa. Ndipo Baba Mdogo akazika mgomba mahali pake, tukiuita kwa jina lake, kama tunavyowafanyia waliopotea, ili apate pa kulala nyumbani. Wiki chache baadaye niliitwa mochari. Uso haukutambulika. Nilimjua kwa shati. Kifungo cha tatu nilikishona mimi kwa uzi wa kijani, kwa kuwa mweupe uliniishia, naye akanicheka: "Sasa umenigeuza shamba la sukumawiki?"

Nilimpigia Baba Mdogo. Akasema, "Tumeshamzika Wafula. Siwezi kumchimbia kaburi la pili. Mzike hukohuko, na Mama asijue, presha itampanda." Tulikuwa wanne makaburini: mimi, pasta, na maseremala wawili aliofanya nao kazi. Aliyelia kwa lugha yetu ni mimi peke yangu.

Kuhusu hilo chipukizi, Baba Mdogo amekiri kwangu. Mgomba wa kuzikwa hukatwa juu ya mizizi. Siku ile alikuwa na haraka na woga, akaung'oa na mizizi yake yote. Ndiyo maana umechipua. Hakuna ishara nyingine, Mama.

Lakini tangu Jumapili ninamkumbuka yule dada wa chuo kikuu aliyekuja kibandani mwaka jana kuuliza mila zetu. Alisema anasomea anthropolojia. Alitueleza, mimi na Wafula, kwamba wasomi wengi walizoea kuweka watu upande mmoja, na miti, mvua na wanyama upande wa pili. Kisha wengine wakaenda kuishi na watu wa mbali na kukuta kwamba si wote wanaojua mpaka huo.

"Kwa hivyo kwenu mgomba unaweza kuwa mtu?" akauliza.

"Ai, dada," Wafula akamwambia, "sasa hata ndizi unataka ichukue kitambulisho?"

Tulicheka sana. Kisha Wafula akasema polepole, "Andika hivi: mamangu husalimia ng'ombe kabla ya kunisalimia mimi. Na jina langu ni la mvua, maana ilinyesha siku niliyozaliwa."

Mwezi wa kwanza watu walisimama njiani wakidai vitambulisho. Katika jina ulilompa kwa ajili ya mvua, wao walisoma kabila tu.

Baba Mdogo anataka kuling'oa chipukizi. Mkatalie. Si Wafula, kwa hiyo usilingoje lizungumze, wala usimtazamie njiani. Lakini limeota pale tulipomwita jina. Lipalilie kama unavyopalilia migomba mingine.

Msalimie Baba Mdogo, mwambie sina kinyongo naye. Msalimie Shangazi, na umwombe alale kwako siku hizi mbili tatu.

Ndani ya bahasha kuna kifungo na uzi wake wa kijani. Nilikikata kabla hawajamfunika. Kifukie chini ya chipukizi kwa mkono wako mwenyewe, halafu ulie, Mama. Umengoja vya kutosha.

Ni mimi binti yako,
Nekesa