Mwezi Ulipoingia Nge

Jumatatu, 17 Mfungo Tatu

Nimetwanga muhogo mkavu tangu asubuhi. Unga wenyewe kiganja. Saidi, mdogo wangu, bado amejificha askari juu ya dari la jikoni, anakohoa moshi. Mama kila akipita chini anamwita kwa jina. Nimemwambia, Mama, utatuua. Kanuna.

Mwezi uko nyota ya Mashuke. Hesabu za nyota alinifundisha baba, Mungu amrehemu. Mashuke ni kazi na wasiwasi mdogo mdogo. Huo naumudu.

Mpiga mbiu wa boma amepita. Mzungu wa picha amerudi. Atatandaza shuka ukutani, atawasha taa yake, na picha zitaonekana kubwa kuliko mtu. Ni amri, kila nyumba ihudhurie.

Jumatano, 19

Mizani. Baba alisema mwezi ukiwa Mizani hata maadui huchekeana. Kweli jamani, tumecheka! Meli. Simba kapanua kinywa, Mama akanirukia. Kisha watu wetu wenyewe, aliowapiga picha kabla ya vita. Kila uso ukitokea watu wanapiga kelele: huyo fulani, yule mume wa fulani! Nami nikapiga. Nilimtaja mhunzi.

Pembeni alikaa karani, anaandika.

Alhamisi, 20

Askari wamemchukua mhunzi. Pichani alisimama na vijana wa nduna, yule mkubwa wa vita waliyemnyonga. Mdomo wangu huu.

Saidi kaniambia toka darini kwamba naye alipigwa picha siku ile. Karibu kabisa na nduna, anacheka. Boma wana sura yake, jina hawana. Wakilipata watakuja hapa moja kwa moja.

Picha zilizobaki ni kesho. Kesho mwezi unaingia Nge. Nge ni wa siri, na wa siri kufumuka. Mwezi ukiwa Nge baba alikuwa hatoki nyumbani. Naogopa.

Ijumaa, 21

Niliomba mvua. Ilinyesha mchana, magharibi ikakatika. Nikamwambia Mama ajifanye mgonjwa. Askari akasema wagonjwa wabebwe. Basi nikamwapisha kwa Msahafu kwamba hatafungua mdomo. Macho yake nayo hayaoni vizuri, nikajipa moyo.

Uso wa Saidi ulikuwa mkubwa kama mlango. Nikamminya Mama mkono. Wapi! "Saidi! Mwanangu Saidi!"

Karani akainua kichwa. Mkojo ulinitoka, naandika bila haya.

Sijui Mama aliona nini usoni mwangu. Alijitupa chini kwenye tope. "Saidi wangu marehemu! Wamemzika wapi, jamani, mbona sikumwosha?" Akalia kilio cha msiba. Mwanamke wa nyuma akampokea, kisha wa kando, kisha wanawake wote. Nani hapa hana wake wa kumlilia? Nami nikalia, na machozi hayakuwa ya uongo.

Karani akauliza huyu ni nani. Akajibu jirani yetu Mama Hadija, ambaye juzi tu alimletea Saidi uji: "Alikufa vitani, bwana. Tuliarifiwa."

Karani akaliandika jina, akalikata kwa mstari.

Jumamosi, 22

Bado Nge. Asubuhi askari mlangoni. Mna msiba, mbona hamjakaa matanga? Tukatandika mikeka. Watu wakaingia, poleni, poleni. Saidi juu anasikia anavyoombolezwa. Hakukohoa hata mara moja.

Mama hataki tena jina lake litajwe. Anasema amemtabiria mauti kwa kinywa chake mwenyewe. Nimemwambia amemwokoa. Hasikii.

Jumatatu, 24

Mwezi uko Mshale, mwezi wa wasafiri. Saidi ameondoka alfajiri, njia ya Namtumbo. Mama alimshika miguu tu. Atajiitaje huko aendako, sikuuliza.

Watu bado wanakuja na pole. Mke wa mhunzi naye amekuja. Ameleta kibaba cha unga, na nyumbani kwake najua hakuna. Hajui nani alimtaja mumewe. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante dada.

Mama amesonga ugali wa unga ule. Akapakua wa watu watatu, kisha sehemu moja akairudisha chunguni.