Mwanafunzi wa Mzee Isidro

Dada Phoebe,

Hapa mtaani Fereej Bin Mahmoud, huku kwa Waarabu, joto limepungua, na mimi bado ni soja, mlinzi wa mlangoni pale hotelini.

Yule mwalimu wangu Mfilipino, Mzee Isidro, aliyekuwa akitufundisha kupigana kwa fimbo na kisu kila Ijumaa, alifariki wiki jana. Moyo wake ulisimama akiwa ananirekebisha mkono.

Mwanawe alikuja kuchukua mwili. Akaniambia, "Baba alitaka kunifundisha tangu nikiwa mdogo, nikakataa. Hebu nionyeshe."

Nilimpa fimbo, nikamwonyesha pigo la kwanza. Likamshinda. Tulirudia mpaka akaketi sakafuni akalia, nami nikashindwa kumwambia ainuke.

Nisalimie Mama. Mwambie mimi ni mzima.

Mdogo wako,
Peninah