Kofia Ndani Nje

Jumatano, baada ya Isha

Imepanda mtandaoni! Safari hii picha haikukwama nusu ndia.

Juzi mteja wa Mombasa aliniandikia kwamba kofia tunayouza, kazi ya mume wangu, imeshonwa kwa mashine. Kwa mashine! Mtu amekaa na sindano miezi, vidole vimeota sugu, halafu...

Nilihofia, sitajidanganya, kwamba atatutangaza matapeli mtandaoni.

Lakini picha yenyewe ndiyo iliyonisaliti. Niliipiga picha kofia pamoja na kochi na pazia. Mtandao wetu hapa kisiwani Ndau haukuweza uzito ule, nami nikaipunguza yote mpaka vitundu vya sindano vikawa ukungu mtupu.

Leo nikajiuliza: mnunuzi akija barazani kwetu hufanya nini kwanza? Huipindua kofia atazame ndani, maana huko ndiko mkono wa mshonaji unakoonekana. Basi nikaipindua, nikaipiga picha karibu na dirisha, penye mwanga. Nikakata vyote vya pembeni ya picha kwanza, ndipo nikaipunguza. Ikawa nyepesi, na kila mshono unaonekana, nikamtumia mteja.

Mume wangu alicheka. "Bi Zuhura, nani huuza kofia ndani nje?"

Kabla ya Magharibi mteja akajibu: "Nisamehe, Bi. Niwekee hiyo, nitaivaa harusini kwangu."

Alhamdulillahi! Nilimsomea mume wangu ujumbe ule mara mbili, kwa sauti.

Sasa hivi nimemkuta mkekani. Kofia nyengine mbili ameshazipindua, ameziweka karibu na dirisha, anangojea kupambazuke.